Saa Hazilipi Kodi ya Nyumba

Kumepambazuka tu katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kijana aliyevaa shati jeupe anainama chini ya bawa la Cessna, anakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki na kukiinua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege hizi ndogo ni ya samawati. Maji yakiwemo, hutuama chini kama ushanga. Akiliona tone, humwaga na kukinga tena. Kisha anapima oili, anapitisha kiganja kwenye ukingo wa propela akitafuta ufa, na kukaa kumngojea mwanafunzi wake.

Kwa yote hayo bado hajapata hata shilingi. Walimu wengi wa urubani hulipwa kwa saa ambazo ndege imeruka. Masika yakiingia, mawingu yakiufunika mji kutoka Ngong hadi Embakasi, ndege haziruki na mfuko hubaki mtupu.

Kwa mkazi wa mtaa wa Jamhuri, Wilson ni jirani: unashuka barabara ya Mbagathi hadi T-Mall, na uwanja uko mbele yako. Chimbuko lake ni kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Hapo ndipo vijana wengi wa Kenya hujifunza kuruka, kwa mamilioni ya shilingi. Kuna wazazi waliouza shamba, na kuna waliochukua mkopo wa chama. Mtoto akihitimu, jirani humwita "kapteni" na kudhani mambo yamenyooka.

Lakini leseni ya biashara hupatikana mtu akiwa na saa 200 hivi za kuruka. Leseni ya juu, inayomruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, hudai saa 1,500. Pengo hilo ndilo linalowatesa wenye saa chache. Waajiri wanataka uzoefu, na uzoefu hauji bila mwajiri. Kijana anayetarmaki huku na deni mgongoni hukubali chochote: kufundisha kama yule kijana wa alfajiri, kufanya kazi za ofisini akisubiri kiti kipatikane, kusaini mkataba wa kumfunga kwa miaka kadhaa ili agharimiwe mafunzo ya aina mpya ya ndege, au, kama ilivyozoeleka katika baadhi ya kampuni za ng'ambo, kulipa yeye mwenyewe ili aketi kando ya kapteni.

Hoja ya wanaotetea hali hii ni kwamba kijana analipwa kwa saa anazojikusanyia. Hoja hiyo haina uzito. Saa ni zao la kazi yake, na mwenye nyumba hapokei daftari la saa badala ya kodi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na hakikuwatenga marubani wapya.

Abiria naye ana sababu ya kujali. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Rubani msaidizi alikuwa na umri wa miaka 24. Kwa mwaka alilipwa chini ya dola 24,000. Aliishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikatiza nchi nzima akidandia ndege za mizigo ili afike kazini Newark. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa kosa la kapteni, lakini pia kwamba huenda uchovu ulidhoofisha utendaji wa wote wawili. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na rubani msaidizi naye akatakiwa kuwa na saa 1,500 hivi. Marubani walipoadimika, fedha zilipatikana: mwaka 2022 kampuni tanzu za American Airlines zilipandisha malipo ya marubani wapya hadi dola 90 kwa saa. Kumbe iliwezekana.

Novemba mwaka huohuo, marubani wa Kenya Airways, chini ya chama chao cha KALPA, waligoma kwa siku kadhaa wakidai michango ya mfuko wao wa uzeeni na mishahara iliyoahirishwa wakati wa korona, hadi mahakama ilipowaamuru warudi kazini. Hao wana chama cha kuwasemea. Mwalimu kijana pale Wilson, anayefundisha leo hapa na kesho pale, mara nyingi hana.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Mkataba wa rubani mpya ungepaswa kutaja malipo ya muda wa kukagua ndege, kungoja na kujaza makaratasi, kiwango cha chini cha mshahara kwa miezi ya mvua, na deni la mafunzo linalopungua kila mwezi anaofanya kazi. Wengi huogopa kuudai. Wilson ni padogo, wakuu wa marubani wanafahamiana, na jina la msumbufu huenea kabla ya chai ya saa nne.