Shampiona ya taifa: kwa nini kombe halijawahi kufika Kivu

Kila musimu wa mupira ukianza, kuna swali moja linarudi kati ya vijana, kutoka Sake mpaka Mubi: ekipe ya kwetu itachukua lini shampiona ya taifa? Tangu 1958, mwaka ambao orodha ya mabingwa inaanzia, kombe hilo limebaki katika miji minne tu: Kinshasa, Lubumbashi, Mbuji-Mayi na Kananga. Goma haijalipata. Bukavu haijalipata. Butembo, Kisangani na Kindu, vilevile.

Mutu anaweza kufikiri ni kukosa bahati, ama ni waamuzi. Waamuzi wamelaumiwa mingi katika nchi hii, na siku zingine kwa haki. Lakini ukiangalia ile miji minne kwa makini, utaona jambo lingine.

Jina la kwanza kwenye orodha ni Saint-Éloi, ile ekipe tunayoiita leo Lupopo. Ilizaliwa 1939 Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kati ya watu wa reli. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, mapadri Wabenedikto walianzisha Saint-Georges, iliyokuja kuwa Englebert na baadaye TP Mazembe. Englebert ni jina la kampuni ya mipira ya magari. Kule Mbuji-Mayi, Sanga Balende ilikuwa na MIBA, kampuni ya almasi, nyuma yake; ikawa bingwa 1983. Kananga iko kwenye njia ya reli inayotoka Lubumbashi. Ekipe yake Tshinkunku ilichukua kombe 1985. Kinshasa yenyewe haina haja ya maelezo mingi: ni mji mukuu, wenye Vita Club iliyozaliwa 1935 na Daring iliyozaliwa 1936.

Kwa hiyo ramani ya mabingwa inafanana sana na ramani ya mishahara. Pale ambapo kampuni kubwa ililipa wafanyakazi kila mwezi, ikawajengea kambi na kiwanja, njo pale klabu ilipata viatu, usafiri na wachezaji wasiohangaika kutafuta chakula cha jioni. Mupira wa Kongo ulikua ukiegemea ofisi ya mishahara.

Sasa mutu wa Masisi atauliza: na sisi hatuna mawe? Tunayo. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima inatoka Rubaya. Katika Walikale, Bisie ni moja ya machimbo makubwa ya bati duniani. Lakini Rubaya inachimbwa kwa mikono. Mwenye kuchimba hana mukataba, hana kambi ya kampuni, na analipwa kwa kilo alizotoa siku hiyo. Pesa inapita, haikai pale. Bisie nayo, kwa miaka mingi ilikuwa hivyohivyo, ikitumikishwa chini ya bunduki za makundi tofauti, na bati likipandishwa ndege zilizotua juu ya barabara kule Kilambo. Kampuni ya viwanda ilianza kutoa mali hapo 2019 tu. Lupopo ilikuwa imekwisha kuwa na miaka 80.

Njia yenyewe ya kufika kwenye shampiona pia ni ndefu. Ekipe ya kijiji inaanzia kwenye shampiona ndogo ya kwao, chini ya entente. Ikishinda, inapanda kwenye ligi ya jimbo. Kwa Kivu ya Kaskazini inaitwa LIFNOKI. Bingwa wa jimbo ndiye anatafuta mulango wa Linafoot, ligi ya taifa. Zamani, wakati wa Zaire, mabingwa wa majimbo walikutana na kutoana moja kwa moja mpaka abaki mmoja. Ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa rahisi kwa mufuko: safari chache, juma chache, basi.

Linafoot ilibadilisha hesabu hiyo. Ligi inataka mechi nyingi, na mechi nyingi ni safari nyingi. Ndiyo maana kwa muda murefu nchi iligawanywa katika kanda tatu, Magharibi, Kati-Kusini na Mashariki, na wale wa kwanza wa kila kanda wakakutana mwishoni. Miaka hiyo ilikuwa mizuri kwa mashabiki wa hapa. Virunga, Dauphin Noir na Kabasha za Goma, Nyuki ya Butembo, Muungano na Bukavu Dawa za Bukavu, zote zimepita kwenye ligi ya taifa. Derby ya Goma ilisimamisha mji. Lakini ekipe zikifika kwenye awamu ya mwisho, mbele ya Mazembe na Vita, zilikuta watu wanaosafiri na ndege yao wenyewe ama wanaolala katika hoteli nzuri.

Musimu wa 2018-2019 ekipe 16 ziliwekwa katika kundi moja la nchi nzima. Kwa haki ya mchezo, hilo ni jambo zuri: kila mutu anacheza na kila mutu. Kwa klabu ya Goma, ilikuwa ni tiketi za ndege kila juma mbili, kwa sababu kati ya Goma na Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 na hakuna barabara ya kuitegemea. Pesa ilikauka hata kwa wenye ligi: musimu wa 2022-2023 haukufika mwisho na hakukuwa na bingwa. Baadaye wakarudi kwenye makundi mawili na awamu ya mwisho. Mazembe ikachukua kombe lake la 20 mwaka 2024.

Mashariki haijakosa kabisa cha kujivunia. Maniema Union ya Kindu, klabu ambayo si ya zamani wala ya mji wenye kampuni kubwa, ilifika awamu ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika musimu wa 2024-2025, ikacheza na Mamelodi Sundowns, Raja na AS FAR. Kindu iko mbali na kila kitu, lakini katika miaka hiyo ilikuwa na kitu kimoja ambacho Goma haikuwa nacho sana: utulivu.

Musimu huohuo njo Kivu ilianguka. M23 iliingia Masisi-centre tarehe 4 Januari 2025, ikachukua Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Stade de l'Unité, pale derby zilipochezwa, tarehe 6 Februari ilijaa watu walioitwa kusikiliza mukutano wa M23. Walikale-centre ilichukuliwa tarehe 19 Machi, na M23 wakaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Kwa ngazi ya mupira, maana yake ni hii: Beni na Butembo zikabaki upande wa serikali, Goma na sehemu kubwa ya Masisi upande mwingine. Ligi ya jimbo inataka ekipe hizo zikutane, na kati yao kuna mistari ya vita. Ngazi imevunjika katikati, si juu wala chini.

Chini bado watu wanacheza. Likizo ikifika, vijiji hupanga makombe yao, na zawadi mara nyingi ni mbuzi. Mabao ni miti miwili na kamba. Kipaji kinaonekana pale, kila mutu anakiona. Lakini makombe hayo hayaandikwi kwenye entente yoyote, na kijana aliyefunga mabao matano Nyabiondo, akitaka kocha wa klabu kubwa amuone, bado ni lazima ashuke mpaka Goma, kwenye barabara ambayo mama yake hamuruhusu kuipita.