Skripti Inapojibu Badala ya Mtu

Programu nyingi za mstari wa amri huuliza: nifute faili hili? Niendelee? Mtu aliyeketi mbele ya kibodi hujibu, kazi ikasonga. Lakini kazi iliyopangwa kufanyika saa nane usiku haina mtu wa kujibu. Skripti ndiyo itakayojibu, na mfumo wa Unix umeiandalia njia.

Programu ya Unix kwa kawaida huanza ikiwa na njia tatu zilizo wazi: namba 0 ya kupokea, namba 1 ya kutoa matokeo na namba 2 ya kutangaza makosa. Inaposoma njia namba 0, hailazimiki kujua nani yuko upande wa pili. Huenda ni kibodi, faili au programu nyingine.

Mwaka 1964, Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, alipendekeza programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani. Mwaka 1973, mwenzake Ken Thompson alilitia wazo hilo ndani ya Unix kwa usiku mmoja. Leo alama moja hutosha:

printf 'ndiyo\n' | programu

Neno linalotolewa upande wa kushoto huingia upande wa kulia. Majibu yakiwa kwenye faili, alama ya < huyapeleka. Yakiwa ndani ya skripti yenyewe, hutumika <<.

Zipo programu zinazokataa kujibiwa hivyo. ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine, kwa mfano, inapotaka nenosiri huiacha njia namba 0 na kuifungua terminali moja kwa moja. Ndiyo maana Don Libes, Mmarekani, alitunga programu ya Expect, iliyotolewa mwaka 1990. Expect huunda terminali bandia, husubiri swali litokee, kisha hujibu.

Hapa usalama unahitaji uangalifu. Nenosiri likiandikwa kama sehemu ya amri, watumiaji wengine wa kompyuta hiyo mara nyingi wanaweza kuliona kwa amri ya ps, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. Yanayopita njia namba 0 hayaonekani katika orodha hiyo.

Kwa hiyo, mwandishi wa programu, iwezeshe programu yako kusoma njia namba 0 bila kumlazimisha mtu awepo. Nawe mwandishi wa skripti, usiweke siri kwenye mstari wa amri. Ipitishe kwenye faili ambalo wewe peke yako unaruhusiwa kulisoma.