USALAMA KAZINI: Jedwali la kelele na rangi yake nyekundu

Ndugu wafanyakazi, kelele haitoi damu wala haivunji mfupa. Lakini sikio likiisha kufa kwa kelele, halifufuki. Ndiyo sababu kelele inapimwa mahali pa kazi, na vipimo vinaandikwa katika kompyuta.

Vipimo vikiwa mamia, jicho linachoka. Kompyuta inavikusanya katika jedwali la muhtasari: mstari kwa kila mahali pa kazi, safu kwa kila mwezi. Kisha inapaka rangi nyekundu nambari ya hatari.

Mpaka ni upi? NIOSH, ofisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, inaweka desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka desibeli 3, muda unapungua nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1 tu.

Wenye kutengeneza jedwali katika Excel, washike mambo haya:

1. Kompyuta hupenda kujumlisha. Desibeli hazijumlishwi kama franka. Wastani nao unaficha hatari: tuseme siku nne zimetoa 80, 80, 80 na 94. Wastani ni 83,5, kisanduku kinabaki cheupe! Chagueni «Max»: 94 itaonekana.

2. Fungueni «Mise en forme conditionnelle», kisha «Supérieur à». Andikeni 84,9 ili 85 yenyewe ishikwe. Agizeni kanuni ifuate vipimo vyote vya jedwali, si visanduku vichache mlivyochagua. Hivyo mahali papya pakiongezwa, rangi itafika.

3. Msitumie ngazi ya rangi, ile ya kijani hadi nyekundu. Hiyo inalinganisha nambari zenyewe kwa zenyewe. Nambari ndogo kuliko zote inapata kijani, hata ikiwa ni 90.

4. Kisanduku kitupu hakipati nyekundu. Cheupe kisicho na nambari si salama: hapajapimwa. Kabla ya kubandika karatasi ukutani, andikeni humo «HAPAJAPIMWA».

5. Watu wengine hawatofautishi nyekundu na kijani. Nambari ibaki ikisomeka, kwa herufi nene.

Nawe mfanyakazi, ukikuta mahali pako ni pekundu, vaa kinga za masikio tangu dakika ya kwanza, usizitoe kwa sababu ya joto au mazungumzo. Ukikuta hapana nambari, uliza shefu wako: tutapimiwa lini?

Akina mama, angalieni nyumbani. Bwana akifungulia redio mpaka majirani wanalalamika, au akiwaambia watoto kila mara «rudia», asikemewe. Aende kwa muganga apimwe masikio mapema.

Rangi inaonya tu. Kinga ya sikio ndiyo inayolinda, nayo inalinda ikiwa imevaliwa.