Dikteta aking'olewa na jeshi la kigeni, nani hutawala?

MAJESHI ya Tanzania yalipoingia jijini Kampala mnamo Aprili 11, 1979, yakiandamana na wapiganaji wa Uganda waliokuwa wakiishi uhamishoni, wakazi walimiminika barabarani kuyalaki kwa vifijo na nderemo. Idi Amin Dada, aliyewatawala kwa mtutu wa bunduki kwa zaidi ya miaka minane, alikuwa amekwisha kutoroka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku hiyo ilielekea kwamba mwenyeji amepona kweli.

Hata hivyo, katika muda wa miezi 20 iliyofuata, Uganda ilishuhudia marais wawili waking'olewa mamlakani, tume ya kijeshi ikitwaa hatamu za uongozi, na uchaguzi mkuu ambao matokeo yake yalizaa vita vingine. Miaka 16 ilipita tangu Amin atimuliwe kabla ya taifa hilo kupata katiba mpya.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila linapozuka swali lililoulizwa ulimwenguni kote baada ya uvamizi wa Iraq mwaka wa 2003: dikteta akiondolewa na jeshi la kigeni, ni serikali ya aina gani inayoweza kufuata?

Njia zilizopo

Historia inaonyesha njia nne kuu. Ya kwanza ni mvamizi kutawala mwenyewe kwa muda. Ndiyo iliyofuatwa na Marekani nchini Iraq, ambapo Paul Bremer aliiongoza nchi hiyo kwa amri zake kuanzia Mei 2003 hadi Juni 28, 2004.

Ya pili ni mvamizi kumtawaza kiongozi aliyekuja naye, kisha wanajeshi wake wakabaki kumlinda. Vietnam ilifanya hivyo ilipouteka mji wa Phnom Penh Januari 7, 1979, na kuuangusha utawala katili wa Pol Pot nchini Cambodia. Heng Samrin aliwekwa kuwa kiongozi, na majeshi ya Vietnam hayakuondoka hadi mwaka wa 1989. Kwa muda wote huo, kiti cha nchi hiyo katika Umoja wa Mataifa kilisalia mikononi mwa wapinzani wa serikali hiyo, wakiwemo wafuasi wa Pol Pot.

Njia ya tatu ni serikali ya muda ya muungano, inayoundwa na makundi yaliyompinga dikteta. Ya nne ni utawala wa kijeshi, ambao mara nyingi haukusudiwi na yeyote mwanzoni bali huingia kupitia mlango wa nyuma wakati njia nyingine zinaposhindwa.

Mwishoni mwa kila njia huahidiwa uchaguzi. Sheria ya kimataifa nayo haimpi mvamizi uhuru wa kufanya apendavyo. Kanuni za Hague za mwaka wa 1907 zinamtaka anayeikalia nchi ya wenyewe kurejesha utulivu na kuziheshimu sheria zilizopo, ila tu pale inaposhindikana kabisa. Kwa maneno mengine, yeye ni mwangalizi wa nyumba, si mmiliki.

Uganda ilianza na njia ya tatu na kuteleza hadi ya nne.

Mkutano wa Moshi

Vita hivyo vilianza Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuivamia sehemu ya kaskazini ya mto Kagera, wakaua, wakapora na kulibomoa daraja la Kyaka. Amin alitangaza kuwa eneo hilo sasa ni mali ya Uganda. Mapema Novemba, Rais Julius Nyerere aliwahutubia Watanzania na kuwaambia kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui wanavyo.

Adui alipokwisha kufurushwa, majeshi ya Tanzania yaliendelea mbele. Mji wa Masaka ulitekwa Februari 1979, na mwezi uliofuata wanajeshi wa Libya waliotumwa kumwokoa Amin wakashindwa huko Lukaya. Ikawa wazi kwamba Kampala itaanguka. Swali likawa nani atakabidhiwa funguo.

Nyerere hakutaka Tanzania ionekane kama mtawala mpya wa Uganda. Kwa sababu hiyo, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana mjini Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, kuanzia Machi 24 hadi 26, 1979. Walikuwemo wasomi, mawakili, wanasiasa wa vyama vya zamani na wapiganaji. Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin Januari 25, 1971, na ambaye alikuwa amehifadhiwa na Tanzania tangu wakati huo, alishauriwa asihudhurie, kwani jina lake lingewagawanya wajumbe.

Kwa siku hizo tatu waliunda Chama cha Ukombozi wa Taifa la Uganda, kilichofahamika kwa kifupi kama UNLF. Profesa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, alichaguliwa kuwa mwenyekiti. Kando yake kuliundwa Baraza la Kitaifa la Ushauri, lililokuwa na wajumbe 30 chini ya Edward Rugumayo, ili lifanye kazi ya bunge. Aidha, iliundwa Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, mwandani wa Obote, na Yoweri Museveni akawa naibu wake.

Kwenye karatasi, mpango huo ulikuwa na kila kitu: rais, bunge na jeshi. Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu mambo matatu: nani mwenye neno la mwisho, nani anayemiliki bunduki, na nani atakayezihesabu kura.

Neno la mwisho

Lule aliapishwa Aprili 13, 1979. Alijiona kuwa rais mwenye mamlaka kamili kama yalivyoelezwa katika katiba ya mwaka wa 1967, hivyo akawateua na kuwahamisha mawaziri bila kulihusisha Baraza. Wajumbe nao walishikilia kwamba mamlaka yake yalitokana na Moshi, na kwamba uteuzi wowote ulipaswa kuidhinishwa nao.

Kila upande ulikuwa na hoja. Hakukuwa na mahakama ambayo pande zote mbili zingekubali uamuzi wake, wala wananchi hawakuwa wamempigia kura yeyote kati yao. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Juni 20, 1979, Baraza lilimwondoa Lule baada ya siku 68 tu na kumteua Godfrey Binaisa, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali. Maandamano yalizuka Kampala na sehemu nyingine za Buganda, ambako wengi walimwona Lule kuwa mtu wao. Lule alipelekwa Dar es Salaam, na hatimaye akafia jijini London mwaka wa 1985.

Mwezi mmoja baadaye, katika kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Monrovia, Nyerere alijipata akilaumiwa na viongozi wenzake, hasa wa Sudan na Nigeria, kwa kuivamia nchi huru. Mkataba wa umoja huo wa mwaka wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Binaisa alimtetea, lakini sauti yake ilikuwa ya rais aliyewekwa na baraza ambalo nalo halikuwa limechaguliwa na wananchi.

Bunduki mikononi mwa nani?

Jeshi la Amin lilisambaratika na askari wake wengi wakakimbilia kaskazini, Sudan na Zaire. Mahali pake palibaki makundi yaliyopigana bega kwa bega na Watanzania, lakini kila moja likiwa na mkuu wake. Kikosi Maalum kiliongozwa na Tito Okello na David Oyite-Ojok, waliomtii Obote. Museveni naye alikuwa na kundi lake la Fronasa.

Badala ya makundi hayo kuunganishwa kuwa jeshi moja la taifa, kila upande uliandikisha vijana wake. Kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara, wapiganaji wa Museveni waliongezeka kutoka takriban 80 hadi 8,000, na wale wa upande wa Obote kutoka takriban 600 hadi 24,000. Raia wa kawaida ndiye aliyelipa gharama. Baada ya uporaji wa siku za mwanzo, Kampala ilikumbwa na mauaji ya usiku, na wengi hawakuweza kubainisha kama aliyebisha hodi ni mwizi, ni askari, au ni askari mwizi.

Binaisa alijaribu kulitatua tatizo hilo kwa kalamu. Novemba 1979 alimhamisha Museveni kutoka Wizara ya Ulinzi. Mei 1980 alijaribu kumwondoa Oyite-Ojok katika wadhifa wa mnadhimu mkuu wa jeshi. Jibu lilikuja haraka. Mnamo Mei 12, 1980, Tume ya Kijeshi ya Muwanga ilitangaza kwamba imechukua madaraka. Majeshi ya Tanzania, ambayo bado yalikuwa nchini, hayakuingilia kati kumwokoa.

Tume iliyoundwa Moshi ili kuitumikia serikali ndiyo iliyogeuka kuwa serikali. Majuma mawili baadaye, Mei 27, Obote alitua Bushenyi, magharibi mwa Uganda, na kuanza kampeni.

Kura na mwenye kuzihesabu

Uchaguzi ulifanyika Desemba 10 na 11, 1980. Chama cha Obote cha UPC kilishindana na DP cha Paul Ssemogerere, UPM cha Museveni na CP cha Mayanja Nkangi. Kabla ya kura kumalizika kuhesabiwa, na huku wafuasi wa DP wakianza kusherehekea, Muwanga alitoa amri iliyompa yeye pekee mamlaka ya kutangaza matokeo.

Matokeo rasmi yalikipa UPC ushindi. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliukubali uchaguzi huo kwa jumla licha ya kutaja dosari nyingi, lakini wapinzani waliukataa katakata. Obote akawa rais kwa mara ya pili, na Muwanga akawa makamu wake na waziri wa ulinzi.

Februari 6, 1981, Museveni na kikundi kidogo cha wapiganaji walivamia chuo cha kijeshi cha Kabamba. Vita vilivyofuata viliharibu vibaya eneo la Luwero na kuua raia wengi. Obote alipinduliwa Julai 1985 na wanajeshi wake mwenyewe. Mkataba wa amani uliotiwa saini jijini Nairobi Desemba 17 mwaka huo, chini ya upatanishi wa Rais Daniel arap Moi, haukudumu majuma sita. Januari 26, 1986, Kampala ilitekwa tena, safari hii na Waganda wenyewe.

Iraq kwa njia nyingine

Wapo wanaodai kwamba kosa la Tanzania lilikuwa kuwakabidhi Waganda madaraka mapema mno. Iraq inaonyesha kwamba kuchelewa nako si dawa. Bremer alikuwa na neno la mwisho bila ubishi. Baraza la Uongozi la Wairaki 25 aliloliunda Julai 2003 halingeweza kupitisha jambo asilolitaka. Lakini neno hilo lilikuwa la mgeni, na wengi hawakuliheshimu.

Kuhusu bunduki, amri yake ya Mei 23, 2003, iliyolivunja jeshi la Saddam Hussein, iliwaachisha kazi mamia ya maelfu ya wanaume waliojua kutumia silaha. Uganda ilikuwa na majeshi mengi mno, Iraq ikabaki bila jeshi, na katika nchi zote mbili bunduki zikawa nje ya mamlaka ya dola. Wairaki walipiga kura Januari 2005 na kuidhinisha katiba Oktoba mwaka huo, lakini Wasuni wengi waliikataa katiba hiyo, na mwaka uliofuata damu ilimwagika kati ya madhehebu.

Funzo linalojitokeza ni kwamba jina la serikali inayofuata, iwe ya mpito, ya muungano au ya kuchaguliwa, halitoshi kuonyesha itakavyokuwa. Jambo la kutazamwa kwanza ni kama wenye silaha wamekubali kuwa chini ya mamlaka moja kabla ya ikulu kupata mpangaji mpya, na kama kuna chombo kinachoweza kumwambia rais na jemadari kwamba wamekosea, nao wakatii. Uchaguzi ukitangulia mambo hayo, humpa tu mwenye nguvu cheti cha ushindi.

Afrika imebadili sheria zake tangu wakati huo. Mkataba wa kuuanzisha Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka wa 2000, unauruhusu umoja huo kuingilia kati penye mauaji ya halaiki, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Mlango ambao Nyerere alilaumiwa kwa kuupita umefunguliwa, lakini mkataba huo hauelezi kwa kina nani atakayetawala asubuhi inayofuata.

Amin alifariki akiwa uhamishoni jijini Jeddah, Agosti 16, 2003, bila kufikishwa mahakamani. Tangu uhuru wa mwaka wa 1962 hadi uchaguzi wa 2021, hakuna rais wa Uganda aliyewahi kumkabidhi madaraka kwa amani mrithi aliyechaguliwa na wananchi.