Kumwaga Oili kwa Kiswahili: Subaru Impreza katika Vumbi la Salaita

Miongoni mwa maswali yanayozuka kila mara katika mihadhara ya istilahi ni lile la iwapo Kiswahili kinaweza kubeba maarifa ya ufundi bila ya kuegemea lugha nyingine. Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa nadharia, na wanaolijibu huwa ni watu ambao hawajawahi kulala chini ya gari. Makala hii inakusudia kulijibu kwa kazi moja tu, nayo ni kubadilisha oili ya injini na filta yake katika gari la spoti. Msomaji akimaliza kuisoma na ashindwe kuifanya kazi yenyewe, basi lawama ni ya mwandishi wala si ya lugha.

Gari tulilolichagua ni Subaru Impreza WRX, lile lenye injini ya EJ20 ya turbo. Uteuzi huu si wa kubahatisha. Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, Richard Burns akashinda kwa gari hilohilo mwaka 2000, na hata leo wako Wakenya wanaolitambua kwa mlio kabla hawajaliona. Mahali petu ni Salaita, kituo kidogo kilichoko kati ya Voi na Taveta, karibu na kilima ambacho jeshi la Uingereza lilishindwa kukiteka tarehe 12 Februari 1916 ingawa lilikuwa na magari ya deraya. Barabara kuu ilitiwa lami katika miaka ya 2010, lakini ukiiacha tu unaingia katika vumbi jekundu. Jua nalo halina msamaha. Fundi aliyezoea injini za turbo hapatikani jirani, na kwa hiyo mwenye gari hana budi kujifunza.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Wapo wanaosisitiza tuseme "mafuta ya injini" kwa kuwa neno mafuta ni letu na oili ni la kukopa. Kwa maoni yetu, usafi huo una hatari. Mafuta ni yale ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya nyama. Na barabarani, dereva akisema "mafuta yamekwisha," kila abiria huelewa kuwa petroli ndiyo iliyokwisha. Akiwa anakusudia oili, basi kauli hiyohiyo ina maana tofauti kabisa: gari lisisogee hata hatua moja. Mafundi wa gereji walilitambua tatizo hili zamani, wakatenga oili kwa ajili ya injini na mafuta kwa ajili ya tangi. Hawakusubiri kamati. Vivyo hivyo kwa filta. Kichujio ni neno zuri, lakini duka la vipuri litakuuliza kama unataka cha chai.

Kazi ya oili ni kuweka utando mwembamba kati ya vyuma viendavyo kasi ili visigusane. Fauka ya hayo, hubeba joto na hukusanya masizi pamoja na chembe za vyuma, ambazo filta huzinasa. Katika injini ya turbo mzigo huwa mkubwa zaidi, kwa maana ekseli ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika karibu na moshi wa moto mkali, na oili ileile ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Oili iliyochoka huungua humo ikawa gome jeusi, gome likaziba njia, na turbo ikafa. Ndiyo maana wamiliki wengi wa magari haya hubadilisha kila kilomita 5,000, na pengine mapema zaidi panapokuwa na joto na vumbi jingi.

Mnato wa oili huandikwa kwenye mkebe, kwa mfano 5W-30 au 10W-40. Tarakimu ya kwanza, pamoja na herufi W, huonyesha tabia ya oili injini ikiwa baridi; ya pili huonyesha uzito wake injini ikishapata moto. Mwenye gari afuate kitabu cha gari lake, ambacho mara nyingi huruhusu oili nzito kidogo kwa nchi za joto. Na anunue penye kuaminika, kwani oili bandia ipo sokoni na rangi yake haimfichui mwenye kuiuza.

Sasa kazi. Washa injini kwa dakika chache ili oili ipate uvuguvugu na iteremke kwa urahisi, kisha izime. Gari liwe mahali tambarare na pagumu, si mchangani. Vuta breki ya mkono na uweke mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha uliketishe gari juu ya stendi mbili za chuma. Jambo hili tunalirudia kwa makusudi: jeki ni ya kuinulia, si ya kulindia uhai. Jeki huteleza, na anayelala chini ya gari lililosimama juu ya jeki pekee anaweza kupondwa kabla ya kupata wasaa wa kupiga kelele.

Fungua kifuniko cha oili kilichoko juu ya injini ili hewa ipite. Ingia chini na beseni. Bolti ya kumwagia, ambayo mafundi wengi huiita nati ya sampu ingawa ni bolti, hufunguliwa kwa spana namba 17. Ukiutazama uso wake kutoka chini, izungushe kinyume cha mishale ya saa. Ilegeze kwa spana, halafu imalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha uivute kando ghafla. Oili itatoka kwa kishindo, nyeusi tititi, halafu itapungua hadi itone ndo ndo ndo. Acha itone.

Filta ya EJ20 iko chini, upande wa mbele wa injini, imezungukwa na mabomba ya ekzosi. Hapa ndipo wengi huunguzwa mikono. Subiri ekzosi ipoe, kwani haraka haina faida yoyote hapa. Filta ikishatoka, hakikisha kuwa mpira wake wa mviringo umetoka nao. Ukibaki umegandamana na injini na ukafunga filta mpya juu yake, oili itafumuka mara tu injini itakapopata nguvu. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya.

Hapa tumefika penye kiini cha makala hii. Kila mwanafunzi aliyesoma shule za Kenya alikariri tanakali za sauti, na miongoni mwazo ni "kaza ndi." Filta haikazwi ndi. Izungushe kwa mkono hadi mpira ugusane na chuma, kisha uongeze robo tatu ya mzunguko, au kiasi kilichoandikwa ubavuni mwake, basi. Ikikazwa ndi, mpira hupondeka ukavuja, au filta hukataa kufunguka siku nyingine. Bolti ya kumwagia nayo ina mkazo wake, nyutoni-mita 44 hivi, baada ya kuitia washa mpya. (Washa hii ni nomino, kipete laini cha chuma, isichanganywe na kuwasha injini, jambo ambalo bado hatujalifikia.) Ikizidishiwa, hesi za sampu hulika. Kiswahili basi kina ngazi zake: gusisha, bana, kaza, kaza ndi. Tofauti kati ya ngazi ya pili na ya nne ni gharama ya sampu nzima, na aliyeandika maelekezo akatumia "kaza" kila mahali hajamsaidia msomaji wake. Wanaistilahi wetu hujishughulisha mno na nomino. Hatari ya kazi hii imo katika vitenzi.

Teremsha gari. Mimina lita 4 kwanza, kisha pima kwa kijiti. Ongeza kidogo kidogo hadi ifike karibu na alama ya juu. Isijae pomoni, kwa sababu oili iliyozidi hupigwapigwa ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Washa injini bila ya kukanyaga pedali. Taa nyekundu ya oili itawaka kwa sekunde kadhaa, kisha izimike. Isipozimika, zima injini papo hapo. Chungulia chini kama kuna uvujaji, zima, subiri dakika tano, pima tena ukiwa tambarare. Kijiti cha Subaru wakati mwingine huonyesha vipimo viwili tofauti kwenye pande zake. Soma ule wa chini.

Imebaki oili chafu. Huhusishwa na saratani ya ngozi, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni. Baadhi ya watu huipaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, na wengine huimwaga kichakani. Yote mawili huipeleka ardhini. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliihesabu oili chafu kuwa taka hatari. Mto Lumi hupitia eneo la Taveta ukaingia Ziwa Jipe, na watu na mifugo hutumia maji hayo. Rudisha oili katika mkebe ulioleta ile mpya, ufunge, uipeleke kwenye gereji au kituo cha petroli kinachoikusanya, Taveta au Voi. Toboa filta kuukuu na uiinamishe ndani ya beseni usiku kucha kabla ya kuitupa, kwani hubaki na oili nyingi kuliko inavyodhaniwa. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino juu ya filta mpya kabla hujaifunga. Chini kule, kwenye giza la ekzosi, hutaweza tena.