Bamvua na Maji Mafu: Mwezi Unavyoivuta Bahari

Bahari hujaa na kupwa kwa sababu mwezi hauvuti kila upande wa dunia kwa nguvu sawa. Upande unaoelekea mwezini uko karibu zaidi, hivyo maji yake huvutwa kuliko kitovu cha dunia. Upande wa pili uko mbali zaidi. Huko kitovu ndicho kinachovutwa kuliko maji, na maji huachwa nyuma. Bahari hutuna pande zote mbili.

Dunia inapojizungusha, kila pwani hupita kwenye matuta hayo mawili, na kwa sehemu nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku. Wakati huo mwezi nao unasogea katika njia yake, hivyo pwani huchukua saa 24 na dakika 50 kuufikia tena. Maji yaliyojaa leo saa sita mchana, kesho kwa wastani yatajaa saa saba kasoro dakika kumi.

Jua huivuta dunia kwa nguvu inayoishinda ya mwezi karibu mara 180. Lakini kinachotunisha bahari ni tofauti ya mvutano kati ya upande wa karibu na wa mbali. Kwa jua lililo umbali wa kilomita milioni 150, unene wa dunia ni kitu kidogo mno. Kwa mwezi ulio kilomita 384,000 tu, unene huo una uzito. Ndiyo maana athari ya jua juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa katika mstari mmoja na nguvu zao huungana: ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kwa pembe mraba na kupunguzana nguvu: ni maji mafu. Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne wakati wa bamvua, na wakati wa maji mafu hushuka hadi mita moja hivi. Bamvua la huko hupwa asubuhi, yapata saa nne au saa tano. Saa hizo wanawake wa vijiji vya Paje na Jambiani hutembea kwa miguu hadi kwenye vigingi vya mwani, na wengine huchokoa pweza kwenye mashimo ya miamba.

Mwanasayansi Isaac Newton alieleza chanzo cha kujaa na kupwa kwa bahari mwaka 1687. Kujaa na kupwa huko nako huathiri dunia na mwezi. Msuguano wa maji na sakafu ya bahari hupunguza mwendo wa dunia wa kujizungusha, na siku hurefuka kidogo kidogo. Mzunguko wa dunia pia huyatanguliza matuta ya maji mbele ya mwezi, nayo huuvuta mwezi na kuuongezea nishati, hivyo njia yake hupanuka. Miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa mwezini tangu safari ya Apollo 11, mwaka 1969, inaonyesha kuwa mwezi husogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka. Dunia nayo ilikwishaupunguza mwezi mwendo wa kujizungusha. Ndiyo maana unatuonyesha uso uleule daima.