Maua ya Mchungwa Yakimwagika

Wanavikundi wengi hutuuliza: "Mchungwa wangu unachanua vizuri, lakini maua yanamwagika. Niupige dawa gani?"

Ngoja kwanza. Mchungwa huchanua kupita kiasi. Katika maua 100, yanayofika kuwa machungwa mara nyingi hayazidi 5. Huo si ugonjwa, wala si sababu ya kuchukua shoka.

Ua la mchungwa, mlimau au mndimu lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Chavua, ule unga wa manjano, hurutubisha ua hilo hilo au jirani yake, kwa hivyo mti mmoja nyumbani unatosha. Habari ya "mchungwa dume" tuiache. Washington Navel, lile chungwa lenye kitovu, huzaa hata bila chavua, ndiyo maana halina mbegu. Lakini Minneola, ambayo ni jamii ya chenza, hukataa chavua yake yenyewe. Ipande karibu na aina nyingine ya chenza.

Anayebeba chavua hasa ni nyuki. Ukipiga dawa ya wadudu maua yakiwa wazi, unaua kibarua asiyedai mshahara, na mizinga ya jirani inabaki mitupu. (Hapo kesi inafika kwa chifu!) Vidukari wakizidi, waoshe jioni kwa maji ya sabuni, nyuki wakiwa wamelala.

Kisha angalia kiu. Kule Makueni na Kitui, mvua ikikatika wakati wa maua, vitunda vichanga huanguka. Mwagia mti maji, utandaze majani makavu chini yake, yasiguse shina.